Msusi Hakuzusha

Kijijini kwetu, baina ya Msambweni na Diani, hapakuwa na mwanamke ambaye kichwa chake hakijapita mapajani mwa yule msusi. Tulimwita Msusi tu, wakubwa kwa wadogo. Jina lake ninalijua, lakini watoto wa ndugu zake wako hai na hawakunikosea kitu, kwa hiyo sitaliandika. Nataka niseme mapema kwamba sikumpenda. Nilianza kumchukia nikiwa na miaka kumi, na tangu hapo nimeolewa, nimezaa, nimezika, na chuki ile bado iko mahali pake. Ikiwa nitamdhulumu katika haya ninayoyaandika, tutakutana mbele ya Mola na atadai haki yake.

Alikuwa mrefu na mwembamba, na vidole vyake vilikuwa virefu kuliko vya mtu yeyote niliyepata kumwona. Vidole vile vilijua kazi. Alikaa juu ya kibao kifupi, mwenye kusukwa akaketi chini mkekani baina ya magoti yake, akampa kisogo. Kando yake kulikuwa na kifuu cha mafuta ya nazi na chanuo la mti, jeusi kwa miaka ya mafuta. Akigawa nywele, mstari ulinyooka kama uliopigwa kwa uzi. Mabibi harusi wa Galu waliletwa kwake, na wake wa watu wakubwa wa Msambweni walimtumia mtu kumwita. Hata maiti za wanawake alizisuka yeye, mikia mitatu kama inavyotakiwa, na kwa kazi hiyo hakupokea chochote.

Wala mjane au yatima hakumtoza. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu watu wa kwetu walikuwa wakilitaja kila mara nilipomlaumu.

Lakini mwenye kusukwa haoni uso wa anayemsuka, na hapo ndipo alipokuwa akiwakamata. Mwanzo alinyamaza. Alifumua nywele za juma lililopita, akachana, akavuta, mpaka machozi yakakulenga. Kisha akatia mafuta, vidole vikawa laini, na akashusha pumzi.

"Leo nimeamka na moyo mzito," alisema.

"Una nini, dada?"

"Wacha tu. Nyumba zetu hizi."

Hakusema zaidi ya hapo. Yule mwanamke aliyeketi mkekani, kichwa kimemlalia juu ya goti, alianza mwenyewe kueleza ya nyumbani kwake. Msusi alikuwa akiguna tu. Kufikia msuko wa mwisho alikuwa anajua nani amepigwa, nani hajapata siku zake, nani anakwenda kwa mganga wa Lunga Lunga kutafuta mtoto, na mume wa nani hawezi. Jioni, akiwa njiani kwenda kisimani, alikuwa akimshika mkono mtu wa kwanza anayekutana naye.

"Mimi simo," alikuwa akianza. "Na nakwambia wewe tu."

Alisema polepole, sauti ya chini, macho chini, kama mtu anayetoa pole. Sikupata kumsikia akicheka habari za mtu. Pia hakuongeza chumvi. Alichoambiwa ndicho alichosema, neno kwa neno, hata kikohozi cha mwenyewe alikiweka mahali pake. "Mimi sizushi," alikuwa akisema, na hilo alijivunia kuliko ususi wake. Watu nao walimheshimu kwa hilo. Habari ikitoka kwa mtu mwengine iliulizwa mara mbili. Ikisemwa kuwa imetoka kwa Msusi, imekwisha.

Shangazi yangu nilimuuliza siku moja kwa nini wanawake wanaendelea kumwambia mambo ilhali wanajua yanakokwenda. Alikuwa anachekecha unga. Akaacha.

"Wewe mtoto, hujui," akasema. "Mtu akikushika kichwa hivyo, saa mbili nzima, taratibu. Hakuna mwengine anayekushika hivyo. Mume hakushiki hivyo. Basi mdomo unafunguka wenyewe."

Kuna kisa chake ambacho watu walikuwa wakikisimulia kwa kicheko. Mwanamke mmoja, mke wa mwuza ng'onda, alikuwa anasukwa. Mumewe alikuwa akipeleka samaki wake wakavu mpakani Lunga Lunga na kukawia huko juma zima. Msusi alikuwa amefika nusu ya kichwa aliposema, kwa sauti ile yake ya pole, "Mwenzio wa Lunga Lunga amejifungua mtoto wa kiume, nasikia." Yule mwanamke alikuwa hajui kama ana mke mwenza. Aliinuka vile vile, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama, akajitupia ukaya kichwani, akaenda kungojea basi barabarani. Huko Lunga Lunga alimkuta mumewe amempakata mtoto. Inasemekana yule bwana alipoona kile kichwa alidhani mkewe amepatwa na wazimu, akakiri kila kitu kabla hajaulizwa. Baadaye mke alimletea Msusi doti ya leso, kwa shukrani.

Kicheko hicho hakikunifurahisha hata siku moja, kwa sababu najua na kisa cha pili, ambacho hakuna aliyekisimulia kwa sauti. Bibi harusi mmoja wa Galu, Mwanasiti, aliletwa kusukwa siku tatu kabla ya harusi yake. Alikuwa na miaka kumi na saba. Mikono ile ilipomlainisha, alisema kwamba aliwahi kutokwa na mimba mwaka uliopita, na kwamba mamake peke yake ndiye anayejua. Kesho yake shangazi wa bwana harusi alikutana na Msusi kisimani. Harusi haikufanyika. Wapishi walikuwa wamekwisha kuchinja. Mwanasiti alipelekwa kwa jamaa zake Tanga na hakurudi, na mamake, mwanamke aliyekuwa mbele katika kila ngoma, hakuonekana tena katika harusi ya mtu. Msusi alipoambiwa ubaya aliotenda alishangaa kwa dhati. "Nimezusha?" aliuliza. "Mwambieni mwenyewe aseme nimezusha."

Yake mwenyewe hayakujulikana. Aliwahi kuwa na mume. Alikwenda wapi, kwa nini, hakuna aliyejua. Mlango wa chumba chake ulikuwa na pazia la kaniki, na hakuna mgeni aliyelivuka. Yeye aliyesuka wote hakusukwa na yeyote. Alijisuka peke yake, kwa kupapasa, nyuma ya pazia lile, na mchana kutwa ukaya wake haukuteremka. Nikiwa mtoto nilidhani hana nywele.

Sasa nifike kwetu.

Babangu alikuwa fundi wa vitanda vya kamba. Mamangu alikuwa akipika vibibi vya unga wa mchele kila alfajiri na kuviuza mlangoni petu, na watu walitoka hadi ng'ambo ya msikiti kuja kuvinunua, kwa kuwa alitia tui zito na iliki. Nilikuwa mtoto wa pekee. Jina langu ni Rukia, na yeye aliitwa Mama Rukia na kila mtu, hata na babangu.

Siku moja, harusi ya jirani imekaribia, mamangu aliketi mkekani kwa Msusi. Mimi nilikuwa ubavuni mwake nikichambua mbaazi. Mamangu alikuwa anasimulia jambo, sikumbuki ni lipi, anacheka. Msusi alikuwa anagawa nywele za kisogoni. Akasita. Nikaona vidole vimetulia, jambo ambalo halikuwa la kawaida, nikainua macho. Alikuwa ameinama karibu, anatazama. Kisha akashika chanuo, akaweka jino lake moja juu ya ngozi ya mamangu, akakandamiza. Mamangu aliendelea na hadithi yake. Msusi akakandamiza zaidi, mpaka tone la damu likatoka. Mamangu bado anacheka.

"Mama Rukia," akasema Msusi. "Husikii kitu?"

"Kitu gani?"

"Huku nyuma. Nimekuchoma."

"Sijasikia."

Akalipangusa lile tone kwa pindo la leso yake. "Una baka huku. Jeupe kidogo. Kubwa kama hivi," akamwonyesha ukucha wa dole gumba. "Lina muda gani?"

Mamangu akapeleka mkono kisogoni. Kwetu, wakati ule, hapakuwa na mtu mzima asiyejua maana ya baka lisilosikia. Niliona shingo yake imekakamaa. Aliponitazama, nikashughulika na mbaazi.

"Nenda hospitali," akasema Msusi. "Siku hizi kuna vidonge. Wanapona."

"Nitakwenda harusi ikipita."

"Nenda kesho."

"Nimesema harusi ikipita. Na wewe, niapie. Niapie kwa Mwenyezi Mungu kwamba hili halitoki kinywani mwako."

"Wallahi," akasema Msusi. "Halitoki."

Nilisikia kiapo kile kwa masikio yangu. Kisha akamsuka, akamaliza, mistari imenyooka kama kawaida.

Siku ya nne hakuna aliyenunua vibibi. Mamangu aliketi mlangoni na sinia lake, kitambaa cheupe juu, watu wakapita. Walisalimia. Walisema "hujambo, Mama Rukia," na miguu yao haikusimama. Jua lilipopanda aliingiza sinia ndani, vibibi vyote hamsini, akaviweka juu ya meza na kuvitazama. Kesho yake alipika tena, nusu. Vikarudi. Kisimani alikuta kata lake limeachwa peke yake juu ya jiwe, na mengine yote yamehamishiwa upande wa pili. Nami nilipoweka mkono begani mwa rafiki yangu tukicheza, alijitoa, akasema, "Mama amenikataza. Mamako ana ukoma."

Sikuhitaji kuuliza habari imetoka kwa nani. Hakuna kijijini aliyehitaji kuuliza.

Babangu hakugomba. Alianza kula barazani peke yake, katika sahani yake mwenyewe, na kulala huko katika kimoja cha vitanda vyake ambavyo havijamaliziwa. Baada ya wiki mbili alimwambia mamangu aende Mkongani kwa kakake apumzike mwezi mmoja, maneno ya watu yatulie. Tulipoondoka alilia. Nililiona chozi lake lenyewe, na nilimhurumia sana, babangu, mtu mpole ambaye watu wamemvunjia nyumba yake kwa midomo. Mwezi ulipopita, badala ya babangu alikuja binamu yake na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa talaka. Miezi mitatu baadaye tukasikia ameoa.

Hata hapo sikumlaumu. Kila Idi alikuja Mkongani kwa basi na kwa miguu, akaniletea kitambaa cha gauni na kashata, akaketi ukumbini kwa mjomba, akaniuliza habari za chuo cha Kurani. Hakuingia kwa mamangu. "Watu, mwanangu," alikuwa akiniambia. "Watu hawana huruma." Nami nilimshika mkono.

Mjomba alimjengea mamangu kijumba chake nyuma ya shamba la mihogo. Alikuwa mtu mwema, lakini watoto wake walikatazwa kufika kule. Hospitali mamangu hakwenda. Nilipomsihi alinijibu, "Wanaokaa foleni ile ni watu wa kwetu. Wakiniona nimeketi pale, nitakuwa nimesema mwenyewe kwa kinywa changu." Kwake yeye, kutoonekana ilikuwa heshima ya mwisho aliyobaki nayo. Akajificha miaka miwili. Katika miaka hiyo miwili, vidole viwili vya mkono wa kushoto vilianza kujikunja. Siku moja alishika chungu cha moto, na mimi ndiye niliyesikia harufu ya nyama ikiungua. Yeye alikuwa anaangalia nje.

Siku ile nilimpeleka kwa nguvu. Daktari alimpima, akambonyeza hapa na pale, kisha akauliza, kupitia kwa dresa, msaidizi wake, ni lini mara ya kwanza alipoliona baka. Mamangu akasema. Daktari akatikisa kichwa. Dresa, kijana mstaarabu, alitufasiria kwa aibu: "Anasema, mama, ungalikuja wakati ule, leo usingalikuwa na alama hata moja mwilini." Vidonge vilimponya. Vidole havikunyooka tena.

Hayo niliyaandika yote katika hesabu ya mtu mmoja.

Na mtu huyo alikuwa akija Mkongani! Hili ndilo jambo ambalo kwa miaka nilishindwa kulimeza. Mwezi wa pili tangu tuhamie, nilimwona Msusi anakuja katika njia ya mihogo, ukaya kichwani, mkobani kifuu cha mafuta na chanuo lile lile. Nilidhani mamangu atamfukuza. Waliingia kijumbani, wakafunga mlango, na kwa muda mrefu nilisikia sauti ya mmoja tu, ya Msusi. Kisha nikasikia mamangu akilia. Kisha mlango ukafunguliwa, mkeka ukatandikwa kivulini, na mamangu akaketi baina ya magoti yake.

Alimsuka kwa mikono mitupu. Wake wa mjomba walikuwa wakimwekea mamangu chakula juu ya kisiki, wakarudi nyuma hatua kumi ndipo wakamwita. Msusi alishika kichwa kile, akalipaka mafuta lile baka lenyewe, akalisugua kwa kidole. Tangu siku hiyo alikuja kila mwezi, mvua au jua. Alimletea habari za kijiji chote, na mamangu, ambaye siku nyingine sikumwona akicheka, alicheka.

Mara moja nilimngojea njiani alipokuwa anarudi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Sikumwamkia.

"Ulimwapia mamangu," nikamwambia.

"Nilimwapia."

"Ukasema."

"Nilisema," akajibu.

"Kwa nini?"

Alifungua kinywa, nami nikaona jibu limefika. Kisha akakifunga. Yule mwanamke ambaye kinywa chake hakikujua kufungwa alikifunga mbele yangu, akapanga ukaya wake, akapita. Nilimtupia jiwe. Lilimpata mgongoni. Hakugeuka.

Nilimwambia mamangu kwamba sitamruhusu tena kufika. Mamangu alinijibu kwa ukali ambao hakuwahi kunionyesha. "Kichwa hiki ni changu. Utanisuka wewe? Mwache. Hujui kitu, Rukia, mwache." Niliona ni unyonge. Niliona maradhi yamemla mpaka ghadhabu yake.

Mamangu alifariki mimi nikiwa nimekwisha kuolewa, kwa homa, ukoma umekwisha kumtoka zamani. Alikuwa ameusia kwamba Msusi ndiye amsuke ile mikia mitatu. Nikatii, nikasimama nje ya pazia la maiti ili nisimwone. Alipotoka, mikono imelowa, alitaka kunishika. Nikampa mgongo. Babangu alikuja kuzika. Alilia tena, naye nilimkumbatia.

Miaka ikapita. Babangu naye akafa, mzee, kijijini, nyumbani kwake kwa mke wake wa pili. Nilikwenda kumzika. Nilimlilia kama mtoto, kwa kuwa wa kwangu wote walikuwa wamekwisha. Siku ya pili ya matanga, wanawake walikuwa wakitaja habari za Msusi: macho yameingia ukungu, vidole vimekauka, hasuki tena, hatoki. Sijui kilichoniinua. Labda nilitaka kuona vile vidole vimekauka. Nilijitupia buibui, nikaenda.

"Hodi."

"Karibu. Nani?"

"Mgeni tu. Nimekuja matangani."

"Karibu, mgeni. Pana mkeka hapo."

Pazia la kaniki lilikuwa limeondolewa, au limechakaa. Alikuwa ameketi kitandani, kichwa wazi. Nywele zake zilikuwa nyingi, nyeupe zote, zimefungwa fundo moja baya. Nikaketi. Tukauliziana hali. Macho yake yalitazama juu ya kichwa changu.

"Marehemu huyu," akaanza, sauti ile ile ya chini. "Mimi simo. Na nakwambia wewe tu."

Mtu hajamaliza siku mbili kaburini! Ningaliinuka. Sikuinuka.

"Alikuwa na mke wa kwanza," akasema. "Mwanamke wa vibibi. Alipata baka, mimi ndiye niliyeliona. Nikamwambia aende hospitali, akasema baada ya harusi. Nikajua hatakwenda. Alikuwa ameniapisha. Nilikaa na neno lile siku mbili, nikaona litampoteza. Nikamwendea mumewe, asubuhi, karakanani kwake. Nikamwambia, bwana, mpeleke mkeo hospitali leo, usimwambie mtu. Mtu mmoja tu nilimwambia. Huyo."

Nilisikia kuku wakiparura nje.

"Alasiri alikuwa kwa mamake. Jioni alikuwa barazani kwa watu. Alikuwa amekwisha kuposa, mgeni wangu. Miezi miwili nyuma alikuwa amekwisha kupeleka posa kwa huyu mjane mnayekwenda kumpa pole, anatafuta njia tu. Mimi nikampa. Na alijua atamsingizia nani. Angesema imetoka kwa Msusi, nani angeuliza mara ya pili?"

"Mbona hukusema?" nikauliza. "Wewe, hukusema?"

"Nilimwambia mwenyewe, yule mama. Nilikwenda kwao Mkongani, nikamwambia yote, nikamwomba radhi. Akalia, kisha akaniapisha mara ya pili. Alikuwa na binti. Akasema, binti yangu ameachwa na kila mtu, amebakiwa na babake. Usimwondolee babake. Akuchukie wewe. Nikakubali. Kiapo cha kwanza nilikivunja. Hiki nikakishika mpaka jana walipomfukia."

Alipapasa kitanda kwa kiganja, kama anayetafuta kitu, akakiacha hapo.

"Ulijua ni mimi," nikasema.

"Ulipopiga hodi. Sauti ni yake."

Najua msomaji anatarajia niseme kwamba nilimwangukia miguuni. Sikumwangukia. Nilimwamini, kila neno, kwa kuwa hakuwahi kuzusha. Na kwa kuwa nilimwamini nilimchukia upya, chuki changa, kali kuliko ile ya zamani. Alikuwa ameweza kunyamaza. Miaka yote ile kumbe aliweza! Angaliweza kumnyamazia Mwanasiti, angaliweza kunyamaza siku mbili zaidi, mpaka harusi ipite. Na baada ya kujua kunyamaza, akaona bora avunje sasa, siku ya pili ya matanga, machozi ya babangu bado yako shavuni mwangu. Mamangu alinibakishia baba kwa kujikaza miaka kumi na zaidi. Yeye alimchukua kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa.

"Ungalikufa nalo," nikamwambia.

"Nilijaribu," akasema. "Naogopa kwenda nalo huko."

"Basi umenipa mimi nilibebe."

Nilisimama, nikavaa viatu. Mlangoni akaniita, "Rukia," mara moja, na mimi sikugeuka.

Niliporudi matangani wanawake walikuwa wamejaa uani, wanachambua mchele. Mjane wa babangu alikuwa katikati yao, mwanamke mnene, mpole, amevimba macho. Sijui kama aliwahi kujua kitu. Mmoja akaniuliza, "Umemkuta mzima?"

"Mzima."

"Na mdomo wake?"

Wakacheka kidogo, kwa adabu ya matanga. Kisha wakanyamaza wote, mikono imesimama juu ya nyungo, nyuso zimenielekea. Nilizitambua nyuso zile. Zilikuwa na njaa, nami nilikuwa na chakula chao.

"Amekwambia nini?" akauliza mjane.

Nikaketi kando yake, nikavuta ungo.

"Hakuniambia kitu," nikasema. "Nipisheni nichambue."